Kiswahili nacho kitahiniwe kwa mdomo

Mhariri,

Mwanzoni mwa muhula huu jirani yangu wa hapa Mombasa alimpokea mpwawe wa miaka 11, aliyezaliwa na kusomea Marekani, akaniletea ripoti ya shule ya mtoto huyo ili nimsaidie kuilinganisha na masomo ya hapa kabla ya kumtafutia nafasi. Hisabati aliielewa, sayansi aliielewa. Kilichomkwaza ni somo lililoandikwa juu kabisa, ambalo tukilitia katika Kiswahili neno kwa neno ni Sanaa za Lugha. "Mwalimu," akaniuliza, "hii ni sanaa ya kuchora, ama mtoto alikuwa akifundishwa kuimba?" Nilimjibu kwa mkato kwamba hilo ndilo somo lao la Kiingereza, akaridhika, akaenda zake. Mimi sikuridhika na jibu langu, na barua hii ni jaribio la kulijibu swali lake vizuri zaidi, kwa sababu naona linatuhusu sisi kuliko linavyomhusu mtoto yule.

Neno sanaa katika jina hilo halina uhusiano na rangi wala brashi. Limebeba maana kongwe ya ujuzi ambao mtu haupati kwa kuambiwa, bali kwa kuutenda mara nyingi mbele ya mtu anayeujua; ndiyo maana shule za Ulaya za zama za kati zilizihesabu sarufi, mantiki na balagha kuwa sanaa. Neno letu lenyewe, lililotoka katika Kiarabu, asili yake ni kutengeneza kitu: ufundi wa mhunzi, wa mchonga milango, wa mshona kofia. Nikiruhusiwa kuchepuka kidogo, wengi hudhani kwamba sanaa na sanifu ni ndugu kwa kuwa yanafanana masikioni, kumbe katika Kiarabu mashina yake ni mbalimbali. La kwanza ni la kufanya kazi ya mikono. La pili ni la kupanga vitu kwa aina zake na kutunga vitabu. Somo letu la Kiswahili limeshughulika mno na hilo la pili.

Mwaka 1996 Baraza la Kitaifa la Walimu wa Kiingereza la Marekani, likishirikiana na chama cha kimataifa cha usomaji, lilichapisha viwango vya somo hilo na kutaja sanaa sita: kusoma, kuandika, kusikiliza, kuzungumza, kutazama na kuwasilisha kwa picha. Sitaki ieleweke kwamba Wamarekani wametushinda, kwani mitihani ya majimbo yao nayo huelemea kusoma na kuandika. Ninachokipenda katika orodha hiyo ni kwamba kila kilichomo ni kitenzi. Hamna "kujua maana ya", wala "kutaja sifa za".

Nasi tunayo orodha kama hiyo. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unaligawa somo la Kiswahili katika Kusikiliza na Kuzungumza, Kusoma, Kuandika na Sarufi, na kusikiliza na kuzungumza ndiko kulikotangulizwa. Waliouandika walijua walichokuwa wakifanya, maana mtoto husikia kabla ya kusema na husema kabla ya kusoma. Ukiusoma mtaala peke yake huna la kulalamikia. Tabu huanza unapofungua daftari.

Mjukuu wangu yuko Gredi ya 8. Jioni moja ya muhula uliopita nilimkuta mezani akipiga mistari kwa rula na wino mwekundu chini ya vichwa vya maelezo yake, hati nzuri kweli. Juu ya ukurasa alikuwa ameandika KUSIKILIZA NA KUZUNGUMZA: MJADALA. Chini yake kulifuata maana ya mjadala, sifa tano za mjadala, mambo ya kuzingatia katika mjadala kuanzia (a) hadi (h), kisha umuhimu wa mjadala. Jumla kurasa mbili na nusu. Nikamuuliza walijadili nini. Alinitazama kama mtu aliyetegwa kwa swali. "Hatujajadili, Bibi. Tumeandika noti. Mwalimu amesema mjadala wenyewe tutafanya tukipata muda." Muhula ulifungwa na muda haukupatikana. Katika mtihani wa kufunga muhula aliambiwa ataje sifa nne za mjadala, akazitaja zote, akapata alama zake nne.

Simlaumu mwalimu wake, na ningekuwa mnafiki kumlaumu, kwa sababu mimi nimefanya vivyo hivyo. Nilianza kufundisha mwaka 1986, kwanza katika shule ya msingi na baadaye sekondari, nikastaafu mwaka 2022, na katika muda huo nimefundisha hotuba bila ya mtu kuhutubu, mahojiano bila ya mtu kuhojiwa, na mara moja, Mungu anisamehe, nilifundisha vitendawili kwa kuviandika ubaoni pamoja na majibu yake. Darasa lina wanafunzi 60 na kipindi ni cha dakika 40. Anayezungumza ni mmoja, waliobaki ni kelele, darasa la jirani linafanya mtihani na mwalimu mkuu yuko kwenye veranda. Noti zina utulivu wake. Lakini kelele haikuwa sababu kubwa. Sababu kubwa ni kwamba hakuna mtu, awe mwalimu mkuu, mzazi au mkaguzi, aliyewahi kuniuliza kama wanafunzi wangu wanajua kuzungumza. Waliniuliza wamepata wastani gani.

Tazama hesabu yenyewe, Mhariri. Mtihani wa Kiswahili wa KCSE, yaani mtihani wa kumaliza sekondari, una karatasi tatu: insha alama 40, lugha alama 80 na fasihi alama 80. Jumla ni alama 200, na kati ya hizo za kuzungumza ni sufuri na za kusikiliza ni sufuri. Hata fasihi simulizi, ambayo jina lake linasema ni ya mdomo, hujibiwa kwa kalamu katika chumba ambamo ukikohoa tu msimamizi anageuka. Wenzetu wa Kiingereza wana sehemu ya stadi za kuzungumza yenye alama 30 katika karatasi ya kwanza, nayo pia huandikwa. Mtahiniwa anaweza kuzizoa zote 30 bila ya kufungua kinywa.

Sasa mlinganishe na mtahiniwa anayechukua Kifaransa, Kijerumani au Kiarabu. Huyo, katika KCSE hiyo hiyo na chini ya Baraza lile lile la Mitihani, hukaa mbele ya mtahini akazungumza, kwa kuwa masomo hayo yana karatasi ya mdomo. Hali ilivyo basi ni kwamba mtoto wa Kenya hupimwa kama anaweza kuisema lugha ya Paris na ya Berlin, lakini hakuna anayempima kama anaweza kuisema ile ambayo Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imeifanya lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kila nilipolitaja jambo hili nimejibiwa kwamba Kiswahili wanakijua tayari. Wanajua kuagiza chai na kubishana na makanga, naam. Lakini mtoto aliyesema Kiswahili tangu utotoni hajawa amefundishwa kumweleza jambo gumu mtu asiyelijua, kumpinga mkubwa wake bila ya kumvunjia heshima, kumpa mfiwa pole inayomfaa, au kusikiliza taarifa ya dakika tano na kuirudisha ilivyo bila ya kuitia chumvi. Hayo watu wetu waliyafunzwa barazani, jikoni na vyuoni kwa kukosolewa papo hapo, na baraza nyingi zimevunjwa.

Wapo wanaodhani kwamba mdomo ni jambo la ziada, na kwamba mwanafunzi akishaipata sarufi na fasihi kwa maandishi mengine yatajileta. Nitatoa mfano mmoja. Nilikuwa nikifundisha uhuru wa mshairi katika kidato cha tatu. Wanafunzi wangu waliweza kueleza inkisari, mazda (kurefusha neno) na tabdila (kubadilisha herufi) hata ukiwaamsha usiku wa manane. Inkisari, walisema kwa pamoja, ni kufupisha neno ili kutosheleza mizani, yaani idadi ya silabi katika mshororo. Nilipowauliza kwa nini mshairi aihangaikie mizani, wakanyamaza. Ubaoni nilikuwa nimeandika mshororo niliouunda mwenyewe kwa ajili ya somo: "Nambie mwenzangu kweli, nende wapi nikapone." Waliuhesabu kwa vidole, nane na nane, wakapigia mstari nambie na nende, wakaandika inkisari, wakangoja tiki.

Mpishi wa shule, mzee wa Lamu, alikuwa akipita na sufuria mkononi. Nilimwomba aingie atughanie. Aliusoma kimoyomoyo, akaweka sufuria chini, akauimba polepole kwa mahadhi ambayo sijui aliyatoa wapi, na darasa likatulia. Kisha kijana mmoja, mtundu lakini si mjinga, akamwomba auimbe tena kwa kusema niambie na niende, kama watu wanavyosema. Mzee alijaribu. Sauti ilijikwaa kwenye neno la kwanza, ikabidi ameze silabi moja ili aweze kuendelea, akajikwaa tena kwenye la pili, akaanza kucheka mwenyewe. "Hauketi, mwalimu," akasema, akachukua sufuria yake akatoka. Nilikuwa nimelieleza jambo lile kwa vipindi viwili, na darasa lile sikuhitaji kulielezea tena. Laiti mtihani ungedai mtahiniwa aghani hata ubeti mmoja, kila shule ingekuwa mbioni kumtafuta mpishi wake wa Lamu.

Kuandika nako kumeumia kwa sababu hiyo hiyo. Nimesahihisha maelfu ya insha ambamo msimulizi anaamka alfajiri na mapema, majogoo yanawika, jua linachomoza na miale yake ya dhahabu, anajitoma bafuni, anapiga mswaki, anajipodoa, na ajali tuliyoahidiwa kwenye kichwa haitokei mpaka ukurasa wa pili. Wanafunzi huyaita hayo mapambo, nasi walimu tuliyafundisha, tukayatilia tiki. Wakati mmoja nilimwita msichana aliyekuwa ameshuhudia matatu ikipinduka, nikamwambia awasimulie wenzake. Alisimulia kwa sentensi sita au saba. Alianza na kiatu cha mtoto kilichokuwa katikati ya barabara, na hakuna aliyepepesa macho. Nikamwambia aende akaandike hivyo hivyo. Kesho yake aliniletea majogoo. Nilipomuuliza kile kiatu kimekwenda wapi, alinijibu kwa unyenyekevu kabisa kwamba aliyotusimulia hayakuwa insha.

Sisemi haya kwa kuidharau sarufi. Nimeipenda maisha yangu yote, na kuna wanafunzi ambao macho yao hung'aa wanapoichanganua sentensi kwa matawi mpaka kiambishi cha mwisho kikapata mahali pake. Lakini mtoto anayeweza kutamka "kitenzi kishirikishi kipungufu" bila ya kuvuta pumzi, na asiweze kusimama katika mkutano wa wazazi akatoa shukrani kwa dakika mbili, amepewa majina ya vifaa vya seremala bila ya kuonyeshwa mbao.

Naijua hoja itakayofuata: mitihani ndiyo iliyotufikisha hapa, nawe unataka tuongezewe mwingine? Ndiyo, nautaka. Wenye umri wangu wanakumbuka hali ya Kiswahili shuleni kabla ya mfumo wa 8-4-4, wa miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu. Katika shule ya msingi hakikutahiniwa mwishoni mwa masomo, kwa hiyo kipindi chake ndicho kilichotolewa sadaka kila palipokuwa na uwanja wa kufagia au hesabu za kumalizia. Tume ya Mackay, iliyoushauri mfumo huo, ilipendekeza mwaka 1981 kwamba kiwe cha lazima, na KCPE ya kwanza, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilipofanywa mwaka 1985 Kiswahili kikawamo. Nilipoingia kazini mwaka uliofuata, niliwakuta walimu wenzangu ambao zamani walikikwepa wakiazimana kamusi. Uzalendo ulikuwa umehubiriwa kwa miaka zaidi ya 20 bila ya kuwafikisha hapo. Karatasi ya mtihani iliwafikisha kwa mwaka mmoja. Lililofanyiwa Kiswahili wakati ule ndilo ninaloliombea sehemu yake iliyosahauliwa.

Najua pia kwamba haiwezekani kupeleka mtahini kila shule. Watahiniwa wa KCSE mwaka 2024 walikuwa zaidi ya laki tisa, na waliofanya Kifaransa na Kijerumani ni wachache mno ukiwalinganisha nao. Lakini njia imeshachongwa. Katika matokeo ya mwisho wa Gredi ya 9, mtihani wa KJSEA huchangia asilimia 60. Asilimia 20 hutoka katika mtihani wa Gredi ya 6, na 20 iliyobaki hutoka katika tathmini zinazofanyiwa shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8. Mdomo uingizwe katika tathmini kama hizo. Kila mwanafunzi apewe dakika 10 mbele ya mwalimu wake na mwalimu mmoja kutoka shule jirani, simu ikiwa mezani inarekodi, na Baraza lichague rekodi chache kutoka kila shule lizisikilize upya. Darasa la wanafunzi 60 litahitaji saa 10, yaani vipindi 15 katika mwaka mzima. Sisi walimu tunajulikana kwa huruma na wanafunzi wetu, hasa huruma ya alama, na ndiyo sababu ya yule mwalimu wa pili na ile simu.

Na katika dakika hizo 10 asiulizwe hata mara moja sifa za kitu chochote. Achezewe taarifa fupi, aisimulie kwa maneno yake, kisha aulizwe maswali kuihusu. Aeleze jambo analolijua yeye na mtahini halijui, liwe kusuka mkeka, kuziba pancha ya baiskeli au kanuni ya kuotea katika kandanda, mpaka mtahini aelewe. Asome kwa sauti kifungu au ubeti alioupenda. Mwenye kigugumizi aongezewe muda, na hilo si jambo la kujadiliwa.

Nina hofu moja, na ni ya kweli. Katika mwaka wangu wa pili kazini nilimkata alama mtoto wa Mji wa Kale aliyeandika "mato" badala ya "macho". Kwa kanuni za mtihani nilikuwa sahihi, kwa kuwa Kiswahili sanifu, kwa uamuzi uliofikiwa hapa hapa Mombasa mwaka 1928, kilijengwa juu ya Kiunguja, lahaja ya Unguja, na si juu ya Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa. Lakini mtoto yule hakuinua mkono tena muhula mzima, na neno lile lilikuwa la mamake, tena lilikuwa la mamangu. Karatasi ya mdomo ikiishia kuwa ya kuwawinda wanaosema "ndia" badala ya "njia", au wanaobadilishana r na l, au wanaoibeba lafudhi ya Turkana au ya Kisii, basi ni heri isiwepo. Kinachopaswa kupimwa ni kama mtoto amesikiliza, kama ameyapanga maneno yake, kama amemfikiria aliye mbele yake, na kama ameeleweka. Mwongozo wa kutoa alama uliseme hilo waziwazi, na uwe mikononi mwa walimu kabla ya maswali yenyewe.

Wanafunzi walioingia Gredi ya 10 mwezi Januari 2026 ndio watakaofanya mtihani wa kwanza wa Gredi ya 12 mwaka 2028. Naliomba Baraza la Mitihani, pamoja na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, litangaze mapema kwamba Kiswahili kitakuwa na sehemu ya mdomo isiyopungua moja kwa tano ya alama zote, ili walimu waanze kuyaacha madaftari mezani walau siku moja kwa wiki.

Yule mpwa wa jirani yangu ameshapata shule. Juzi alipita kwangu na daftari lake jipya la Kiswahili, nikalifungua. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na maana ya maamkuzi, aina za maamkuzi na umuhimu wa maamkuzi, vyote vimenakiliwa sawasawa kutoka ubaoni, na mwalimu ameweka tiki. Alipokuwa akiingia alikuwa amenipungia mkono. Nilimrudisha mlangoni nikamfundisha shikamoo, akaisema mara tatu mpaka ikaketi.

Mwalimu mstaafu,
Mombasa